Kupata Kabla ya Kubadilisha: Skripti na Hifadhidata ya Nyaraka katika Kaunti ya Taita Taveta

Mhadhara huu unahusu matendo mawili ambayo kila masjala imeyafanya tangu karatasi ilipoingia ofisini, yaani kuutafuta waraka na kuuondoa ili mwingine ukae mahali pake, na unayachunguza pale yanapofanywa na skripti ndani ya hifadhidata ya nyaraka badala ya kufanywa na karani mbele ya kabati la mafaili. Skripti ni maandishi mafupi ya amri ambayo kompyuta huyasoma na kuyatekeleza moja baada ya jingine bila kumngoja mtu aidhinishe kila hatua. Hifadhidata ni ghala la taarifa lililopangwa kwa namna ambayo kila kilichowekwa kinaweza kupatikana tena, na hifadhidata ya nyaraka ni ghala la aina hiyo ambalo kipimo chake ni waraka mzima, wenye kila linalojulikana kuhusu mtu, kaya au tukio moja. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kubadilisha waraka ni kazi ya utambuzi kabla ya kuwa kazi ya uandishi, kwa sababu hasara nyingi zinazosababishwa na skripti hazizaliwi na amri ya kuandika, bali na utafutaji ulioitangulia, ambao huenda haukupata kitu, ulipata vingi, au ulipata kilichokwisha kupitwa na wakati.

Kaunti ya Taita Taveta inafaa kuwa uwanja wa uchunguzi huu. Ina kaunti ndogo 4, yaani Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu 340,671. Zaidi ya nusu ya ardhi yake imo ndani ya mbuga za Tsavo, kwa hiyo wakazi wamekusanyika katika milima ya Dawida, Sagalla na Kasigau na katika tambarare zinazoizunguka, ambako umbali kutoka nyumba hadi zahanati na kutoka simu hadi mnara wa mtandao hubadilika kwa kila bonde. Katika mazingira hayo wahudumu wa afya ya jamii huzunguka nyumba kwa nyumba wakiwa na simu mkononi. Mnamo Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kuwapa vifaa wahudumu wapatao 100,000 nchi nzima, na taarifa wanazokusanya huingia katika mfumo wa kielektroniki wa taarifa za afya ya jamii ujulikanao kwa kifupi kama eCHIS. Mfumo huo umejengwa juu ya zana huria iitwayo Community Health Toolkit, na zana hiyo huhifadhi taarifa zake katika CouchDB, ambayo ni hifadhidata ya nyaraka. Hivyo basi, suala linaloonekana kuwa la mafundi peke yao linaifikia kaya ya Mbololo au ya Chala bila kaya hiyo kujua.

Waraka na ghala lake

Kwa miongo kadhaa fikra iliyotawala ujenzi wa hifadhidata ilikuwa ile iliyoelezwa na Edgar F. Codd mwaka 1970, ya kupanga taarifa katika majedwali ambayo kila mstari wake una safu zilezile. Mpango huo ni imara, na benki na masjala nyingi zinautegemea hadi leo, lakini huwa mgumu pale ambapo vitu vinavyosajiliwa havifanani. Fomu ya mama mjamzito haina maswali ya fomu ya mtoto wa miezi tisa, na ya mtoto haina maswali ya mzee anayepimwa shinikizo la damu. Zikilazimishwa zote kukaa katika jedwali moja, nusu ya visanduku vitabaki vitupu, na zikigawanywa katika majedwali mengi, kuukusanya tena wasifu wa mtu mmoja kutahitaji kuyaunganisha majedwali hayo kila mara.

Hifadhidata ya nyaraka hulitatua tatizo hilo kwa kuuacha kila waraka ubebe nyuga zake wenyewe. Uga ni jina la taarifa pamoja na thamani yake, kama vile uga wa jina, uga wa kijiji au uga wa tarehe ya kuzaliwa, na thamani hiyo inaweza kuwa neno, namba, orodha, au hata waraka mwingine mdogo uliowekwa ndani ya ule mkubwa. Muundo unaotumika sana kuandikia nyaraka hizo ni JSON, ambao huyafunga majina na thamani katika mabano na kuyatenganisha kwa nukta mbili na mikato, kiasi kwamba hata asiyekuwa fundi anaweza kuusoma. CouchDB ilianzishwa na Damien Katz mwaka 2005 na kuingia chini ya wakfu wa Apache mwaka 2008, ilhali MongoDB, ambayo ni hifadhidata nyingine maarufu ya aina hiyo, ilitolewa kwa umma mwaka 2009.

Kila waraka katika CouchDB una nyuga mbili ambazo mhadhara huu utazirejelea mara kwa mara. Wa kwanza huandikwa _id, nao ni utambulisho wa waraka, usiorudiwa na waraka mwingine wowote katika hifadhidata hiyo na usiobadilika maadamu waraka upo. Wa pili huandikwa _rev, nao ni alama ya toleo, inayoanza kwa namba ya awamu na kufuatwa na mchanganyiko wa herufi na tarakimu unaokokotolewa na kompyuta. Waraka uliozaliwa leo una toleo la awamu ya 1, ukirekebishwa unaingia awamu ya 2, na kadhalika. Utambulisho unajibu swali la waraka ni wa nani, na toleo linajibu swali la waraka ni wa lini. Skripti inayobadilisha nyaraka inalazimika kuyajibu maswali yote mawili kabla ya kuandika hata herufi moja.

Kutafuta: ufunguo, faharasa na majina ya mahali

Kuna njia mbili za kuutafuta waraka. Ya kwanza ni kwa ufunguo, yaani kuutaja utambulisho wake kamili na kuupokea waraka wenyewe, jambo linaloweza kuwa na majibu mawili tu, upo au haupo. Ya pili ni kwa yaliyomo, yaani kuiomba hifadhidata ilete nyaraka zote ambazo uga fulani una thamani fulani, na hapo majibu yanaweza kuwa hakuna, mmoja, au nyingi. Njia ya kwanza ni ya uhakika lakini inadai utambulisho ujulikane mapema, na njia ya pili ndiyo inayotumika mhudumu anaposema kuwa taarifa ya mama fulani wa kijiji fulani ina kosa. Ugumu wote uko katika kuvuka kutoka njia ya pili kwenda ya kwanza.

Majina ya Taita Taveta yanaonyesha ugumu huo vizuri kuliko mfano wowote wa kitabuni. Jina la Mwang'ombe lina alama ya ritifaa ambayo kwa jicho la msomaji ni moja, ilhali kwa kompyuta kuna ritifaa iliyonyooka, kuna iliyopinda ambayo simu nyingi huiweka zenyewe, na kuna waandishi wanaoiacha kabisa na kuandika Mwangombe. Kwa skripti inayolinganisha herufi kwa herufi, hao ni watu watatu. Mlima na wadi ya Sagalla huandikwa pia Sagala na Saghala, na Dawida huandikwa Dabida na Taita, kutegemea aliyeandika alijifunza tahajia kwa nani. Kaloleni ni wadi ya Voi, lakini pia ni mji katika Kaunti ya Kilifi na mtaa jijini Nairobi. Bura ni wadi ya Mwatate, lakini pia ni eneo la Kaunti ya Tana River. Mtafutaji anayetaja Bura bila kutaja kaunti atapata nyaraka sahihi na zisizo sahihi zikiwa zimepangwa pamoja, na hakuna alama yoyote itakayozitenganisha.

Kuna pia wadi za Wundanyi ambazo jina rasmi la kila moja lina mkwaju katikati, kama vile Wumingu/Kishushe, Mwanda/Mgange na Wundanyi/Mbale. CouchDB huzungumza na ulimwengu kwa anwani za mtandao, na katika anwani hizo mkwaju hutenganisha sehemu moja ya njia na nyingine. Fundi atakayelitumia jina la wadi kama sehemu ya utambulisho, bila kuugeuza mkwaju huo kuwa alama mbadala inayoruhusiwa, ataona waraka aliouhifadhi hautafutiki, kwa kuwa hifadhidata inadhani ameomba kitu kilichomo ndani ya waraka uitwao Wumingu. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutotumia majina kama funguo, na ndiyo maana mifumo mingi hutumia utambulisho uliotungwa na kompyuta, mrefu na usio na maana kwa binadamu, lakini usioweza kuandikwa kwa tahajia mbili.

Namba za simu nazo zinadai uangalifu wa aina hiyo. Namba moja inaweza kuandikwa kwa kuanza na 07, kwa kuanza na 254, au kwa kuanza na alama ya kujumlisha, na ikiwahi kupita katika jedwali la hesabu kabla ya kuingia katika hifadhidata, sifuri ya mwanzo huanguka kwa sababu jedwali limeichukulia kuwa namba ya kukokotoa. Dawa yake huitwa usanifishaji, yaani kuileta kila thamani katika sura moja iliyokubaliwa kabla ya kuilinganisha. Ritifaa zote hufanywa moja, herufi kubwa na ndogo husawazishwa, nafasi za ziada huondolewa, na simu zote huandikwa kwa namba ya nchi. Usanifishaji hufanywa katika pande zote mbili, kwa kinachotafutwa na kwa kilichohifadhiwa, kwani kuusafisha upande mmoja na kuuacha mwingine hakuna faida.

Ili utafutaji wa yaliyomo usichukue muda mrefu, hifadhidata hujengewa faharasa, ambayo ni orodha ya thamani za uga fulani iliyopangwa kwa mfuatano, kila thamani ikielekeza kwenye waraka wake, kama ilivyo faharasa ya mwisho wa kitabu. Nguvu ya mpangilio huo inaonekana kwa hesabu ndogo. Iwapo watu wote 340,671 wa sensa ya 2019 wangekuwa na waraka mmoja mmoja, kumtafuta mmoja bila faharasa kungeweza kulazimu kufungua nyaraka zote, ilhali kwa orodha iliyopangwa, ambayo kila hatua huukata utafutaji nusu kwa nusu, hatua 19 zinatosha. Faharasa za CouchDB na MongoDB hutumia mti wenye matawi mengi kwa kila kifundo, kwa hiyo kurasa zinazosomwa ni chache hata kuliko hizo 19.

Hata hivyo wepesi una mtego wake. Njia ya CouchDB ya kutafuta kwa yaliyomo hurejesha nyaraka 25 tu isipoelezwa vinginevyo. Skripti iliyoagizwa kurekebisha jina la kijiji katika kaya 80 inaweza kuomba orodha, kupokea nyaraka 25, kuzirekebisha zote kwa ufanisi, na kutangaza kuwa kazi imekwisha, huku kaya 55 zikibaki na jina la zamani. Hakuna kosa litakaloripotiwa, kwa sababu hakuna amri iliyoshindwa. Ndiyo maana skripti nzuri huhesabu kwanza inachotarajia kupata, kisha huhesabu ilichopata, na hukataa kuendelea ikiwa hesabu hizo hazikubaliani.

Kubadilisha: waraka mzima na toleo lake

Msomaji aliyezoea kusahihisha karatasi kwa kukata neno moja na kuandika jingine juu yake anaweza kudhani kuwa kompyuta nayo hufanya hivyo. Katika CouchDB kawaida si hiyo. Kurekebisha uga mmoja ni kuleta waraka mpya mzima wenye utambulisho uleule, na waraka huo mpya hukaa mahali pa ule wa zamani wote. Ichukuliwe mfano wa kubuni wa waraka wa mtoto wenye jina, kijiji, tarehe ya kuzaliwa, simu ya mzazi na orodha ya chanjo alizopata. Skripti inayotaka kubadilisha simu, ikipeleka waraka wenye jina na simu peke yake, haitakuwa imebadilisha simu, bali itakuwa imeondoa kijiji, tarehe ya kuzaliwa na chanjo zote. Hifadhidata haina sababu ya kukataa, kwa kuwa waraka usio na orodha ya chanjo ni waraka halali.

MongoDB hutenganisha matendo hayo mawili kwa majina. Ina amri ya kubadilisha waraka wote isipokuwa utambulisho wake, na ina amri nyingine ya kugusa uga uliotajwa na kuziacha nyuga nyingine zilivyo. Tofauti hiyo ni msaada kwa anayeijua na hatari kwa asiyeijua, kwani amri hizo huandikwa kwa sura zinazokaribiana. Kanuni iliyo salama kwa hifadhidata zote mbili ni moja: waraka usomwe wote, marekebisho yafanywe juu ya nakala hiyo iliyosomwa, kisha nakala kamili irudishwe. Skripti isiyosoma haina haki ya kuandika.

Baina ya kusoma na kurudisha kuna muda, hata ukiwa wa sekunde moja, na katika muda huo mtu mwingine anaweza kuugusa waraka uleule. Hapo ndipo alama ya toleo inapofanya kazi yake. Skripti inaporudisha waraka, inalazimika kutaja toleo iliyolisoma, na seva, yaani kompyuta kuu inayohifadhi nyaraka, hulinganisha toleo hilo na lililopo sasa. Yakilingana waraka hupokelewa na kupewa toleo jipya, na yasipolingana seva hukataa kwa jibu lenye namba 409, ambalo maana yake ni mgongano. Kukataliwa huko ni ulinzi, kwani kunaiambia skripti kwamba nakala iliyo nayo imepitwa na wakati.

Namna skripti inavyolipokea jibu hilo ndiyo inayopambanua mafundi. Mwenye pupa huandika skripti inayochukua toleo jipya, kulibandika juu ya nakala ya zamani, na kuirudisha tena hadi ikubaliwe, na kwa kufanya hivyo hulivunja kufuli ambalo hifadhidata ilimwekea, maana kazi ya yule mwingine hufutika bila mtu kuarifiwa. Mwangalifu huandika skripti inayousoma waraka upya wote, inayotazama kama sababu ya marekebisho bado ipo, na inayoyafanya marekebisho hayo juu ya nakala mpya. Tofauti ya skripti hizo mbili ni mistari michache ya msimbo, na tofauti ya matokeo yake ni chanjo iliyosajiliwa asubuhi na kupotea jioni.

Mtego mwingine uko katika kupeleka nyaraka nyingi kwa pamoja, jambo linalofanywa ili kuokoa muda. CouchDB hupokea fungu zima na kutoa jibu la jumla kuwa limepokelewa, lakini ndani ya jibu hilo kuna mstari wa kila waraka, na baadhi ya mistari inaweza kueleza mgongano. Skripti inayosoma kichwa cha jibu na kuacha mistari yake hufanana na karani aliyepiga muhuri bahasha bila kuifungua.

Katika mjadala huu haifai kusahau amri inayotafuta waraka, kuubadilisha ukipatikana, na kuuunda upya usipopatikana. Amri hiyo imo katika MongoDB na hupendwa kwa urahisi wake. Inapotumiwa na ufunguo wa kweli haina neno, lakini inapotumiwa na jina la mtu, kila tofauti ya tahajia huzaa mtu mpya. Skripti iliyomtafuta Mwang'ombe kwa ritifaa iliyonyooka na isimpate, kwa sababu amehifadhiwa kwa ritifaa iliyopinda, itamuumba Mwang'ombe wa pili asiye na historia yoyote, na kuanzia siku hiyo taarifa za mtu mmoja zitagawanyika katika nyaraka mbili.

Simu zisizo na mtandao

Zana inayotumiwa na wahudumu wa afya ya jamii imejengwa kwa kudhani kuwa mtandao hautakuwapo kila wakati, na dhana hiyo inafaa nchi ya milima na mbuga. Ndani ya simu kuna hifadhidata ndogo iitwayo PouchDB, inayofuata kanuni za CouchDB, nayo hutunza nyaraka za kaya zilizo chini ya mhudumu huyo. Mhudumu huandika akiwa Kasigau bila mtandao, na simu inapoupata hupeleka mapya kwenye seva na kuchukua mapya kutoka huko. Tendo hilo huitwa ulinganishaji.

Athari yake kwa skripti ni kubwa. Skripti inayofanya kazi katika seva inaweza kuubadilisha waraka saa nne asubuhi, wakati simu iliyo mlimani inao waraka uleule katika toleo la jana, na mhudumu akaurekebisha saa nane mchana bila kujua. Jioni simu inapolingana na seva, hakuna jibu la 409, kwa sababu ulinganishaji haukatai. CouchDB hutunza matoleo yote mawili, na huteua moja kuwa la kuonyeshwa, kwa kanuni ambayo kila nakala ya hifadhidata inaweza kuitumia na kufikia uamuzi uleule bila kushauriana na nyingine: toleo lenye historia ndefu zaidi ndilo hushinda, na historia zikilingana, alama za matoleo hulinganishwa na iliyo kubwa kwa mpangilio wa herufi na tarakimu ndiyo huchukuliwa. Kanuni hiyo haitazami saa wala ukweli. Toleo lililoshindwa halifutwi, lakini halionekani ila kwa anayeuliza waziwazi kama waraka una migongano.

Kwa hiyo skripti ya marekebisho makubwa haina budi kuandamana na skripti nyingine ya kufuatilia, inayopita baada ya siku kadhaa, simu zikiwa zimepata nafasi ya kulingana, na kuziorodhesha nyaraka zote zenye migongano ili mtu azitazame. Kuamua kati ya mhudumu aliyeingia nyumbani na skripti iliyosoma orodha si kazi ya kuachiwa mpangilio wa herufi.

Ukoo wa nyaraka

Waraka wa mtu katika Community Health Toolkit hausimami peke yake. Hubeba ndani yake utambulisho wa kaya, na ndani ya huo utambulisho wa eneo la mhudumu, na ndani yake tena utambulisho wa kituo kinachosimamia eneo hilo, kama jina la mtu linavyoweza kufuatwa na la baba na la babu. Ripoti za matembezi nazo hubeba ukoo wa mhudumu aliyeziandika. Faida ya mpango huo ni kwamba seva huweza kujua upesi simu gani ipewe nyaraka zipi.

Gharama yake huonekana kaya inapohama. Familia ikitoka Mbololo kwenda kukaa Voi mjini, kuubadilisha waraka wa kaya peke yake hakutoshi, kwa sababu nyaraka za watu wa kaya hiyo bado zinataja ukoo wa zamani. Skripti inalazimika kuitafuta kaya kwa ufunguo, kuwatafuta wote wanaoitaja kaya hiyo katika ukoo wao, kuukokotoa ukoo mpya kwa kila mmoja, na kuzibadilisha nyaraka zote. Zana hiyo ina amri maalumu ya kuhamisha, iliyoandikwa kwa sababu kazi hiyo ikifanywa kwa mkono hubaki nusu. Nyaraka zilizosahauliwa hubakia katika eneo ambalo mwenyewe hayupo, ambako mhudumu wa zamani huendelea kuzipokea na mhudumu mpya hazioni.

Funzo la masjala ya ardhi

Masjala ya ardhi ya Kenya imeyafikiria mambo haya kwa muda mrefu kuliko mafundi wa kompyuta. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 haimruhusu msajili kutoa hati miliki nyingine mara tu mwenye ardhi anaposema ya kwanza imepotea. Inadai ushahidi wa kupotea, tangazo katika Gazeti Rasmi la serikali na katika magazeti, na muda wa siku 60 kabla ya hati ya pili kutolewa. Muda huo ni nafasi ya mwenye pingamizi kujitokeza, nao ni binamu wa alama ya toleo, kwani vyote viwili huuliza kama kuna aliyeushika waraka tangu ulipoonekana mara ya mwisho.

Agizo la mwaka 2017 kuhusu vitengo vya usajili wa ardhi lilikwenda mbali zaidi, kwa kuwa lilielekeza viwanja vilivyosajiliwa chini ya sheria zilizofutwa vipewe namba mpya. Kubadilisha namba ni kubadilisha ufunguo wenyewe, na kwa sababu hiyo utaratibu wake unategemea orodha inayoioanisha kila namba ya zamani na namba yake mpya. Skripti yoyote inayobadilisha funguo inahitaji orodha kama hiyo, na orodha hiyo haitupwi kazi ikiisha, kwa sababu mikataba, kesi na barua za miaka iliyopita zitaendelea kuitaja namba ya zamani.

Adabu ya skripti

Kutokana na yaliyoelezwa, utaratibu wa skripti inayofaa kuaminiwa unaweza kupangwa. Kwanza, hutengeneza nakala rudufu ya nyaraka itakazozigusa, kwa sababu matoleo ya zamani ndani ya CouchDB huondolewa wakati wa usafishaji na hayakukusudiwa kuwa kumbukumbu ya historia. Pili, hutafuta kwa thamani zilizosanifishwa na kupata orodha ya tambulisho. Tatu, huwatenga waliotafutwa katika mafungu matatu, yaani waliopatikana mmoja kwa mmoja, wasiopatikana, na waliopatikana zaidi ya mmoja, na huendelea na fungu la kwanza peke yake huku mafungu mengine mawili yakiandikwa katika faili la kutazamwa na binadamu. Nne, hufanya mazoezi bila kuandika, ikionyesha kila waraka ungekuwaje kabla na baada. Tano, huandika kwa kutaja toleo, hulipokea jibu la kila waraka, na huuandika uamuzi wake katika daftari la matukio. Sita, huwa na sifa ya kurudiwa bila madhara, yaani ikikatika katikati kwa kukosa umeme na kuanzishwa tena, waraka uliokwisha kurekebishwa hautaguswa mara ya pili.

Sheria nayo inaelekea upande huohuo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kudai taarifa zisizo sahihi kumhusu zirekebishwe, na inamtaka anayezitunza ahakikishe kuwa ni sahihi na za sasa. Na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 imeziwekea taarifa za afya misingi yake. Haki ya kurekebishiwa haina maana ikiwa marekebisho yenyewe huangukia waraka wa mtu mwingine, au hulifuta pamoja na kosa lile lililokuwa sahihi.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na mhadhara huu unaongeza kuwa daftari lenyewe laweza kupotea bila habari likikabidhiwa mwandishi asiyetazama anaandika wapi. Wanafunzi wa tarakilishi katika Chuo Kikuu cha Taita Taveta, maofisa wa kaunti wanaoshika taarifa, na yeyote atakayepewa siku moja kazi ya kusafisha nyaraka za kaya za Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta, wanaombwa jambo moja: waandike kwanza sehemu ya skripti inayotafuta na kuhesabu, waisome hesabu hiyo wakiwa pamoja na mhudumu anayezijua nyumba zenyewe na njia zake, na ndipo waandike sehemu inayobadilisha.